Uraibu Si Uvivu



Kila tunapoandika insha ya wasifu-kazi, vichwa huwa vilevile: elimu, tajriba, uraibu. Elimu tunaijaza kwa makini. Tukifika kwenye uraibu tunanakiliana: "kusoma magazeti, kuogelea na kusafiri." Jamani, bwawa la kuogelea liko wapi hapa shuleni? Tunaandika uongo kwa sababu tumeaminishwa kwamba uraibu ni mambo ya wavivu. Ukiingia kidato cha nne ndio basi kabisa. Uigizaji kwaheri, chama cha sayansi kwaheri, na hata Chama cha Kiswahili unaambiwa ukiache, ati kinakula muda wa marudio. Mimi napinga.

Hebu tuutazame wasifu wa Linus Torvalds, aliyezaliwa Helsinki, Ufini, mwaka 1969. Elimu: alijiunga na Chuo Kikuu cha Helsinki mwaka 1988, akasomea sayansi ya tarakilishi hadi shahada ya uzamili. Tajriba: mwaka 1997 alihamia Marekani kufanya kazi katika kampuni ya Transmeta, akakaa huko hadi 2003. Ni wasifu mzuri, lakini wasomi wenye wasifu kama huo ni wengi. Kilichomtofautisha ni kichwa cha tatu.

Tangu utotoni alipenda kuandika programu kwenye tarakilishi ya babu yake, profesa wa takwimu. Mwaka 1991, akiwa bado mwanafunzi, alinunua tarakilishi yake mwenyewe, akaanza kutunga mfumo endeshi, yaani programu inayoiendesha tarakilishi nzima. Agosti mwaka huo aliwatangazia wenzake kwamba huo ni uraibu tu, wala hautakuwa kitu kikubwa. Uraibu huo ndio Linux! Leo umo ndani ya kila simu ya Android ambayo mzazi wako hutumia kukutumia pesa za matumizi. Tarakilishi 500 zenye nguvu kupita zote duniani zinapoorodheshwa, zote hutumia Linux, na imekuwa hivyo tangu 2017. Wahenga walisema, mgagaa na upwa hali wali mkavu.

Najua mwalimu fulani atauliza, "Je, masomo?" Swali ni la haki. Torvalds hakuacha chuo. Darasani ndiko alikofunzwa lugha ya C, aliyoitumia kuandika Linux, na tasnifu yake ya uzamili ilihusu Linux iyo hiyo. Ni kweli alichelewa kuhitimu kuliko kawaida, wala sitaficha hilo. Ila darasa lilimpa zana, uraibu ukampa kazi ya kuzifanyia. Kimoja bila kingine kingekuwa jembe bila mpini.

Wengine watasema si kila mtu ni Torvalds. Sawa, lakini hata yeye mwaka 1991 hakujua kwamba yeye ni Torvalds! Tena hakuacha tabia hiyo. Alipopenda kupiga mbizi baharini, mwaka 2011 alianzisha programu ya kuweka kumbukumbu za wapiga mbizi, iitwayo Subsurface.

Wenzangu, nasi tusijidanganye. Kushinda mbele ya televisheni tukitazama kandanda hakutoshi. Uraibu ninaoutetea ni ule unaokufanya utengeneze kitu: shairi, mchezo wa kuigiza, redio iliyoharibika ikazungumza tena, kitalu cha sukuma wiki nyuma ya bweni.

Walimu wetu wapendwa, hatuombi wiki nzima. Tuachieni saa moja ya vyama, hata sisi wa kidato cha nne. Saa sitini na kitu za darasani na prepu zitabaki kuwa zenu. Nasi tuahidi kwamba siku tutakapoandika wasifu-kazi wa kweli, wa kutafutia kazi, kichwa cha uraibu hatutakinakili kwa jirani.