Usiniulize Namba, Niulize Daftari

Kaa kijiweni Kasulu au Kibondo watu wakizungumzia gari linalouzwa, swali la kwanza utakalosikia ni hili: "Namba gani?" Hawaulizi lilitengenezwa mwaka gani wala lilimwagwa oili lini. Wanauliza herufi ya kwanza baada ya tarakimu kwenye kibao. Namba B inachekwa, namba C inavumiliwa, namba D inaheshimiwa, na namba E watu wanasogea kuipisha. Hata hapa chuoni, kwenye veranda za hosteli, nasikia wenzangu wakiapa: "Mimi nikipata ajira, sishiki gari chini ya namba D."

Jamani, herufi ile inakuambia kitu kimoja tu: gari lilisajiliwa lini hapa Tanzania. Basi. Gari mbili za aina moja zinaweza kutoka kiwandani Japani mwaka 2003. Moja ikaja mapema ikapewa namba B, nyingine ikabaki kwao miaka mingi ndipo ikaja kupewa namba D. Ni mapacha, ila mmoja anauzwa bei ya juu kwa sababu ya kibao cha bati.

Swali la pili huwa ni kilomita, na hapo kidogo tunasogea kwenye akili. Lakini kilomita za kwenye dashibodi zinarudishwa nyuma, na kila mtu mjini anajua zinarudishwa. Kwa hiyo tunanunua gari kwa kutazama herufi isiyosema umri na namba isiyosema ukweli. Swali la tatu, ambalo lingetusaidia kweli, haliulizwi: "Daftari lake liko wapi?"

Ninachosema ni hiki. Gari kuukuu haliuawi na kilomita. Linauawa na kutokuwa na kumbukumbu, na kutokuwa na mtu ambaye matunzo yake ni wajibu wake. Na kwetu huko juu Kigoma, likifa, mara nyingine haliendi peke yake.

Kwa wasiokujua kwetu: gari kuukuu ndilo usafiri wenyewe. Probox, Noah, Hiace na Land Cruiser zilizochoka ndizo zinazobeba mwalimu anayefuata mshahara benki, mama anayepeleka mtoto hospitali, magunia ya maharage na madumu ya mawese, mara nyingi vyote kwa pamoja. Probox iliyoundwa kwa watu watano inaondoka Makere na watu tisa, mbele wawili wamegawana kiti kimoja. Gari la namna hiyo likikimbia kilomita 200 kwa siku, siku 25 za mwezi, linatimiza kilomita 5,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni 60,000, yaani mzunguko wa dunia mara moja na nusu, kwa injini iliyokwisha kumaliza ujana wake kwa watu wengine.

Hesabu hiyo ndogo inasema mambo makubwa. Kama oili inatakiwa kubadilishwa kila kilomita 5,000, gari hilo linahitaji oili mpya kila mwezi. Siyo "ikianza kuwa nyeusi", siyo "tukipata hela". Kila mwezi. Sasa muulize dereva lini mara ya mwisho. Atakujibu, "Muulize fundi." Muulize fundi, atakuambia, "Kama mwezi wa tatu hivi, au wa nne." Historia yote ya gari imo kichwani mwa fundi mmoja, na siku akihamia Katoro kutafuta maisha, historia ya gari nayo imehamia Katoro.

Baba yangu mdogo aliwahi kununua Hiace ya dizeli kwa mtu mwingine aliyekuwa ameitumia. Dashibodi ilionyesha kilomita chache kuliko unavyotegemea kwa Hiace yenye sura ile. Aliifanyia kazi kati ya Kasulu na Kibondo miezi mitano. Siku moja mlimani ilikata mlio ghafla, ikanyamaza. Mkanda wa taimingi ulikuwa umekatika. Kwa wasiozijua injini, mkanda huo ndio unaopanga valvu zifunguke na kufunga pistoni ikiwa mahali gani. Kwenye injini za aina ile ukikatika gari likiwa kwenye mwendo, pistoni inagonga valvu na kuzipinda. Toyota wanajua hatari hiyo, ndiyo maana dizeli zao nyingi za zamani zina taa ya mkanda huo kwenye dashibodi, inayowaka zikitimia kilomita 100,000 ili ubadilishe. Lakini taa inafuata kilomita za dashibodi. Aliyezirudisha nyuma alikuwa amenyamazisha na taa. Mkanda haukugharimu kitu ukilinganisha na kilichofuata: kufungua injini, valvu, gasketi, ufundi, na wiki sita bila gari. Fedha ya msimu mzima wa maharage iliishia gereji.

Kwa gari la kilomita 5,000 kwa mwezi, kilomita 100,000 ni miezi 20. Kama aliyeliuza angekuwa na daftari la shilingi elfu moja lenye mstari mmoja, "mkanda umebadilishwa, tarehe fulani, kilomita fulani", baba mdogo angejua mapema. Na kama daftari lisingekuwepo, hiyo nayo ni taarifa: badilisha mkanda kabla hujaingia barabarani.

Wengine watasema hayo ya kuandika ni ya wazungu. Siyo. Tunayaona kwetu kila siku. Tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996 kupokea wakimbizi kutoka Kongo, na Nduta ilipofunguliwa tena mwaka 2015 kupokea Warundi, barabara zetu zimejaa Land Cruiser za mashirika. Zinapita mashimo yale yale, zinakula vumbi jekundu lile lile, lakini zikipigwa mnada watu wanagombania. Kwa nini? Kwa sababu ndani ya kila moja kuna logibuku: kila safari imeandikwa kilomita za kuondoka na za kurudi, na zikifika za matengenezo, gari linaingia gereji hata kama bosi ana safari. Hata gari la serikali lina kitabu hicho. Madereva wanaolijaza ni kaka zetu na baba zetu. Jioni wakirudi nyumbani kwenye Noah zao wenyewe, hawaandiki kitu.

Tatizo, nadhani, siyo kwamba hatujui. Tatizo ni hesabu. Magari mengi ya abiria yana tajiri anayetaka hesabu yake jioni na dereva anayetaka kinachobaki juu ya hesabu. Mazungumzo yao mnayajua.

"Bosi, gari inagonga mbele."

"We leta hesabu kwanza, Jumapili tutaangalia."

Jumapili ikifika kuna harusi. Kila siku gari linapolala gereji, tajiri anakosa hesabu na dereva anakosa mlo, kwa hiyo wote wawili wana sababu ya kutolipeleka. Akija deiwaka wa kushikilia siku mbili, yeye hata sababu ya kulihurumia hana. Kwenye mpango huu hakuna mtu mbaya. Kuna gari lisilo na mwenyewe.

Na mafundi nao, niwaseme kidogo kwa heshima. Mimi nasomea ualimu wa Fizikia, na hakuna kitu kinachoniuma kama kuona thamostati imetupwa kwenye mchanga wa gereji. "Hii nchi ya joto, dogo, haina kazi." Nchi gani ya joto, mwezi wa sita asubuhi Kibondo watu wamejifunga mablanketi? Thamostati inaiwezesha injini kupata joto lake haraka na kulishikilia. Ukiitoa, injini inafanya kazi ikiwa baridi na inakunywa mafuta zaidi. Kibaya kuliko vyote, rejeta iliyoziba inaonekana imepona kumbe ugonjwa umefichwa. Halafu kuna mfuniko wa rejeta. Kwenye miinuko ya mita 1,500 hivi, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi joto 95 hivi, siyo 100. Mfuniko mzima unaongeza mgandamizo na kuvusha kiwango hicho nyuzi 110. Mfuniko uliochoka, wa bei ya soda chache, unatosha kuchemsha gari mlimani na kuua gasketi. Somo hili la mgandamizo na kuchemka liko kwenye silabasi ya sekondari. Tunalifundisha kwa sufuria ubaoni, wakati dirishani kuna Noah inafuka moshi.

Sasa kuna jambo jipya linalofanya haya yote yawe ya haraka: lami. Barabara ya kutoka Kabingo kupita Kasulu hadi Manyovu, zaidi ya kilomita 260, imekuwa ikijengwa kwa lami, na aliyeijua ile ya zamani ana haki ya kushangilia. Mimi nashangilia. Ila tuseme ukweli wake. Kwenye mashimo, gari bovu lilikuwa bovu taratibu. Boljointi ikichomoka kwenye mwendo wa 30, mnashuka, mnasukuma, mnacheka. Kwenye lami, gari lile lile, lenye boljointi ile ile na abiria tisa, linakwenda 100. Hapo hamna wa kushuka kusukuma. Barabara imekuwa mpya, magari yetu hayajabadilika, na mguu wa dereva umeshazoea lami.

Wapo wanaosema dawa ni kuyapiga marufuku. Kenya hawapokei gari lililotumika likiwa na zaidi ya miaka 8. Uganda tangu 2018 wameweka mpaka wa miaka 15. Sisi hatujakataza, tunatoza ushuru wa ziada kwa gari dogo lenye umri mkubwa. Naelewa nia yao, lakini sheria za kuingiza magari zinagusa yanayoshuka bandarini. Haziligusi la namba B ambalo tayari liko Mvugwe linapakia. Na tukisema tuyaondoe na hayo, mama mwenye mtoto mgonjwa Makere tunampandisha nini? Bodaboda, usiku, kwenye mvua. Tena gari jipya lisilotunzwa nalo linakuwa mkweche kwa miaka miwili tu barabarani kwetu. Umri hauondoki kwa sheria. Ubovu unaondoka kwa spana na kalamu.

Napendekeza mambo matatu, na hakuna linalohitaji mfadhili.

La kwanza, daftari. Kila gari liwe nalo ndani, lenye safu nne: tarehe, kilomita, kilichofanyika, aliyefanya. Fundi aandike na kusaini. Na matairi yaandikwe humo, kwa sababu tairi lina umri wake. Tazama maandishi yanayoanza na DOT, kwenye tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linalong'aa kwa kupakwa rangi linaweza kuwa lilizaliwa kabla hujafanya mtihani wa darasa la saba.

La pili, fungu la gari. Tuseme hesabu ni shilingi 50,000. Tajiri na dereva wakubaliane kwamba 5,000 katika hiyo ni ya gari lenyewe, inawekwa kwenye simu na haiguswi. Kwa siku 25 ni 125,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni milioni moja na nusu. Na siku ya gereji iandikwe kwenye makubaliano kuwa haina hesabu. Dereva akijua siku hiyo hadaiwi, atakuwa wa kwanza kukuambia gari inagonga.

La tatu linatuhusu sisi. Wengi tunaosoma gazeti hili tutakuwa walimu, mabwana afya, maofisa wa halmashauri. Mshahara wa kwanza ukitoka, Bodi ya Mikopo itachukua asilimia 15 yake, na bado tutakimbilia mkopo wa benki kununua gari la miaka ishirini ili tuonekane tumetoka chuo. Sikatazi. Gari kuukuu linalotunzwa ni mali halali, na kwa kipato cha mwalimu ndilo tunaloliweza. Lakini usimalizie mkopo wote kwenye bei. Bakiza fungu la wiki ya kwanza: oili zote, mkanda kama injini yake ina mkanda, breki, mipira, matairi. Na ukipangiwa shule Kibondo au Kasulu, chukua rejeta bovu gereji, lipeleke darasani, wafundishe watoto mgandamizo kwa kitu wanachokijua. Darasani humo yumo dereva wa kesho, yumo fundi wa kesho, na hata tajiri wa kesho yumo.

Wale mnaorudi nyumbani likizo hii kwa Noah na Probox, siwaambii mkatae kupanda. Hata mimi nitapanda. Ila kabla ya kulipa nauli, tazama tairi la mbele upande wako, kisha muulize dereva kwa upole, "Kaka, daftari lake liko wapi?" Atakucheka. Wa pili akiuliza atacheka kidogo. Wa kumi akiuliza, atamuuliza tajiri wake.