Akiba ya Mafuta Ifike Ziwani: Ilani ya Kuanzisha Vuguvugu

Sisi ni wavuvi wa dagaa na sangara, wachuuzi wa Kirumba Mwaloni, bodaboda wa Igoma na Buhongwa, mafundi wa injini za boti na wenye mashine za kusaga visiwani. Vuguvugu letu bado halina jina. Majina yaliyopendekezwa yalizua ubishi mrefu, tukaona kazi itangulie. Dai tunalo, nalo ni moja: taifa liwe na akiba ya mafuta, na fungu la akiba hiyo likae Mwanza.

Tanzania haisafishi mafuta ghafi. Kiwanda cha TIPER kule Kigamboni kilianza kazi 1966, kikazima mitambo yake mwishoni mwa miaka ya 1990; leo kimebaki matangi ya kuhifadhia. Petroli na dizeli zinakuja na meli, sehemu kubwa kutoka Ghuba na India, na kushushwa Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Kutoka Dar hadi kwetu Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100. Ndiyo maana EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikitangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, bei ya Mwanza huwa juu ya ile ya Dar. Hilo tumelizoea, nauli ya lori hatuibishii. Tusichokubali ni kwamba mafuta yakipungua nchini, sisi wa mwisho wa barabara tuwe wa kwanza kukaukiwa.

Katikati ya mwaka 2023 dola ziliadimika, waagizaji wakahangaika kulipia shehena, na sheli za mikoa mingi zikakaa bila mafuta. EWURA ikavifungia baadhi ya vituo kwa kuficha bidhaa. Wapo waliotaka tuamini kwamba shida yote ilikuwa uroho wa wenye vituo. Waroho walikuwepo, na adhabu waliistahili. Lakini hakuna anayeficha kilichojaa sokoni. Yangekuwepo matangi ya akiba Kanda ya Ziwa, yakafunguliwa wiki ile ile, aliyeficha angebaki na mafuta yake na hasara yake.

Asiyelijua ziwa atadhani upungufu wa wiki mbili ni usumbufu wa wiki mbili. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikishika, mitumbwi inapumzika. Petroli ikikosekana siku za giza, mwezi mzima umekwenda, na aliyekopa nyavu anadaiwa vile vile. Ikipatikana kwa bei ya kuruka, hesabu ya mwaloni inajulikana: mauzo yakipatikana, gharama za mafuta na chakula zinatolewa kwanza, kinachobaki ndicho wanachogawana tajiri mwenye mtumbwi na wavuvi. Kila shilingi inayopanda kwenye petroli inakula fungu la mvuta nyavu kabla hajalishika mkononi. Na sangara? Boti za kukusanya samaki hubeba barafu kwenda visiwani. Boti isipotoka, samaki anaozea huko. Huyo ndiye samaki anayekatwa minofu katika viwanda vya Mwanza na kuuzwa Ulaya kwa fedha za kigeni. Yaani nchi inakosa dola za kununulia mafuta, halafu inawanyima mafuta watu wanaoiletea dola.

Tuseme haki. Hatuupingi mfumo wa kuagiza mafuta kwa pamoja unaosimamiwa na PBPA. Zabuni ya pamoja na meli kubwa ni bora kuliko kila kampuni kuhangaika peke yake. Wala hatusahau kwamba 2022, vita vya Ukraine vilipoipandisha petroli juu ya shilingi 3,000 kwa lita, serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Ilitupoza. Lakini ruzuku iliteketea pamoja na mafuta yenyewe. Haikuacha hata dumu moja ghalani.

Kanuni za akiba ya taifa ya mafuta zilitungwa tangu 2014. Kanuni si lita. Sasa Mamlaka ya Bandari inajenga Kigamboni matangi 15 ya kubeba mita za ujazo 378,000, na tunaipongeza. Swali letu ni moja tu: kwa nini uhifadhi mkubwa wa nchi nzima urundikwe mahali pamoja, kando ya bahari? Mafuriko yakikata reli au barabara ya kati, Kigamboni itatufaa nini sisi wa Ukerewe?

Tutaambiwa fedha hakuna. Ziko. Bajeti ya 2023/24 iliongeza tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya miradi ya kimkakati. Kama kuna mradi wa kimkakati kuliko mafuta yenyewe, tuonyeshwe. Sehemu ya tozo hiyo ijenge matangi Mwanza na kuyajaza, yawe na mafuta ya siku 30 za matumizi ya Kanda ya Ziwa. Nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Nishati hutakiwa kuweka akiba ya siku 90 za uagizaji wao. Sisi tunaomba theluthi. Kiasi kilichopo kitangazwe kila mwezi sambamba na bei kikomo, tujue tuna siku ngapi.

Majirani zetu wa ziwa hili hili wametutangulia. Kenya imefikisha bomba la mafuta Kisumu na kujenga gati ya kupakia meli, na mafuta yameshavuka kwa maji hadi Uganda. Sisi tuna reli inayoishia ufukweni na bado tunategemea malori. Reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka ikikamilika, mabehewa ya mafuta yawemo kwenye mpango tangu siku ya kwanza. Bomba la kutoka Hoima hadi Tanga, linalopita Kagera na Geita, lisitudanganye: hayo ni mafuta ghafi ya kuuzwa nje, hayaingii kwenye injini ya boti. Lakini Uganda inapanga kujenga kiwanda cha kusafisha mafuta huko huko Hoima. Serikali ianze mazungumzo mapema ili mafuta hayo yaje yatufikie kwa njia ya ziwa.

Na visiwani petroli isiendelee kusafirishwa kwenye madumu ya plastiki katikati ya abiria. Mikopo ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ya kujenga vituo vidogo vya mafuta vijijini ielekezwe kwenye mialo.

Wenyeviti wa vikundi vya usimamizi wa uvuvi mialoni (BMU), viongozi wa vijiwe vya bodaboda, akina mama wa dagaa: kila mwalo na kila kijiwe kichague watu wawili. Waje na daftari lenye bei mlizonunulia mafuta na siku ambazo boti hazikutoka kwa kukosa petroli. Tunataka madaftari hayo yawe mikononi mwa wabunge wa Kanda ya Ziwa kabla bajeti haijasomwa Juni.