Msimu Haufutwi kwa Kalamu

Ligi iliyochezwa haiwezi kufutwa kwa kalamu. Nasema hivi kwa sababu Kenya ilifanywa hivyo, na wengi wetu hata hatukustuka.

Novemba 2021, Waziri wa Michezo Amina Mohamed aliuvunja uongozi wa Shirikisho la Soka, FKF, akitaja madai ya matumizi mabaya ya fedha. Kamati ya muda ikawekwa, chini ya jaji mstaafu Aaron Ringera. Februari 2022 FIFA ikatufungia. Hata hivyo, ligi za nyumbani ziliendelea. Kwenye Ligi Kuu, Tusker wakamaliza kileleni, Mathare United na Vihiga Bullets wakavuta mkia. Ngazi moja chini, kwenye Supa Ligi ya Taifa, NSL, APS Bomet na Fortune Sacco ya Kirinyaga wakapata tiketi ya kupanda.

Novemba 2022 FKF ikarudishwa ofisini, FIFA ikatufungulia. Kisha msimu mzima wa 2021/22 ukafutwa. Mathare na Vihiga wakabaki juu. Bomet na Fortune wakarudishwa walikotoka.

Najua utetezi wao: kamati haikutambuliwa na FIFA, kwa hivyo mechi zake si mechi. Haya, basi iadhibu kamati! Kijana aliyekimbia dakika tisini hakuiteua. Refa alipuliza kipenga, mabao yakahesabiwa, basi likakodishwa na kulipiwa. Hiyo pesa ilirudishwa na nani? Na yale magoti?

Tena, kufuta msimu hakukuwaumiza wote sawasawa. Klabu kubwa ikipokonywa ubingwa, inabaki Ligi Kuu na jina lake. Timu ya NSL haina kamera wala wadhamini wa kupigania. Ina kitu kimoja tu cha kushinda: kupanda. Ukikiondoa hicho, umewaambia wachezaji walikuwa wakifanya mazoezi ya viungo mwaka mzima.

Mtaniuliza, wewe wa Kangundo, ya Bomet yanakuhusu nini? Yananihusu sana. Kijana wa Kangundo au Tala anayeota Ligi Kuu na timu yake ataanzia ligi ya kaunti, apande ya kanda, Divisheni ya Pili, Divisheni ya Kwanza, ndipo afike NSL. Ngazi ni ndefu, na sasa anajua kuna mtu juu anayeweza kuivuta akiwa amekaribia kufika.

Lakini pia sisi, wasee, tuna letu la kujibu. Arsenal ikinyimwa penalti, stage nzima ya boda Kangundo inasimama kujadili VAR. Timu mbili za Kenya zikanyimwa mwaka mzima, kimya. Jumamosi tunalipa kuingia ukumbini kutazama Man U kwenye skrini, na kiwanja cha hapo nyuma kinachezewa mbele ya watoto na mbuzi. Halafu ati tunashangaa soka yetu inachezewa shere.

Uwanja wenyewe ulitoa jibu. Mwaka 2023 Mathare na Vihiga wakashuka vilevile; kalamu ilikuwa imewaahirishia tu. Mwaka huohuo Shabana wa Kisii walipanda kutoka NSL baada ya miaka 17. Sasa hebu mfikirie afisa mmoja akisimama mbele ya mashabiki wa Shabana kuwaambia msimu wao haukuhesabiwa. Angethubutu? Bomet na Fortune walishinda uwanjani kama Shabana. Walichokosa ni umati wa kuwasemea.

Kwa hivyo sitaki machozi mitandaoni. Timu ya daraja la chini ikicheza karibu nawe, nenda. Jua majina ya wachezaji, jua wana pointi ngapi. Wenye kalamu hufuta haraka kile ambacho hakuna aliyekishuhudia.