Uani Si Karakana

Tusidanganyane: faiba si gundi ya viatu. Likizo iliyopita mimi na mjomba tulitengeneza kifuniko cha injini ya boti yake, uani kwetu Tanga. Kalibu ya mbao, nta, mkeka wa faiba, resini, na hadena asilimia 1 hadi 2 tu; ikizidi, kopo linakuunguza mkononi. Kifuniko kilitoka kizuri. Majirani wakasifu: vijana wanajitegemea!

Hakuna aliyemtaja mdogo wangu, ambaye dirisha lake linatazama uani. Usiku ule kichwa kilimuuma, akatapika. Mjomba akasema, "Harufu tu hiyo, itapita."

Harufu ile ni stairini. Mwaka 2018 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wake. Na ukipiga msasa, vumbi lina chembe za kioo.

Sisemi turudi kwenye mbao. Bei ya mbao nzuri mnaijua. Nasema kujitegemea kusikojali pumzi za wengine ni ubahili tu. Anayeuza resini auze na barakoa yenye kichujio cha mvuke. Nasi tufanyie kazi mahali pa wazi, mbali na madirisha ya watu.

Onyo liliandikwa kwenye kopo. Mjomba hakulisoma. Mimi, mwanafunzi wa uzamili, nililisoma, nikanyamaza kwa heshima. Heshima hiyo aliilipia mdogo wangu.