Kinasaba cha kuangaliwa Mwanza si cha kasi

Tangu Alphonce Simbu atwae dhahabu ya marathoni ya dunia jijini Tokyo, Septemba 2025, kwa tofauti ya sekunde 0.03, vijiweni Mwanza hukumu ni moja: mbio ni damu, na damu hiyo iko Singida, Mbulu na Hanang. Sisi wa ziwani tumepewa samaki na soka.

Wanaosema hivyo wamemsahau Suleiman Nyambui. Huyu kazaliwa Majita, mkoani Mara, ufukwe huu huu wa Ziwa Victoria, na Moscow mwaka 1980 alichukua fedha ya mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia kwa chini ya sekunde moja. Medali nyingine ya Olimpiki tunayojivunia ni ya Filbert Bayi, michezo ile ile.

Si kwamba urithi hauna kazi. Aina ya misuli na uwezo wa mwili kutumia oksijeni mtu huzaliwa navyo kwa sehemu kubwa. Shida huanza unapoulizwa ni kinasaba kipi. Kinachotajwa sana ni ACTN3, kinachotengeneza protini ya misuli ya kasi. Wasio na protini hiyo walidhaniwa kufaa mbio ndefu. Watafiti walipowapima Wakenya, wasio nayo walikuwa kama 1 kati ya 100, wakati Ulaya hufika 18 hivi, na wakimbiaji wao wa kimataifa hawakutofautiana na Wakenya wengine. Mwaka 2015 jopo la wataalamu lilitamka wazi kwamba vipimo vya vinasaba wanavyouziwa wazazi na makocha havifai kuchagulia vipaji. Saa ya kuhesabia sekunde inatosha, na ni rahisi zaidi.

Kipo kinasaba kingine, hata hivyo, ambacho Kanda ya Ziwa haiwezi kukifumbia macho: cha selimundu, yaani sikoseli. Utafiti uliochapishwa 2018, sampuli zikipimwa Hospitali ya Bugando, ulikuta watoto 20 hivi kati ya kila 100 wamekirithi kwa mzazi mmoja. Kimeshamiri huku kwa sababu humkinga anayekibeba dhidi ya malaria kali. Mbebaji si mgonjwa. Wengi huzeeka bila kujua. Ila akikamuliwa mbio juani, bila maji wala pumziko, chembe zake nyekundu zinaweza kujikunja, misuli ikaanza kufa, na mara chache akaanguka asiinuke. Hivyo ndivyo alivyokufa Dale Lloyd II, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, mwaka 2006. Kuanzia 2010 vyuo vikubwa vya huko vikaanza kuwapima wanamichezo.

Je, nasi tupime? Nadhani tusianzie hapo. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa askari weusi zaidi ya 47,000 wa Jeshi la Marekani. Misuli ya wabebaji iliharibika mara nyingi zaidi, lakini hawakufa zaidi ya wenzao, katika jeshi ambalo maji, pumziko na kuzoeshwa taratibu ni amri kwa kila mtu. Sasa tazama mchujo wa mbio za shule zetu: saa nane mchana, vumbi, ndoo moja na kikombe kimoja cha plastiki kinachozunguka, na aliyechelewa anazungushwa uwanja mara kumi kama adhabu. Ukileta kipimo katika hali hiyo, mtoto mmoja kati ya watano ataambiwa, "Wewe una sikoseli, kaa pembeni."

Mbio zihamie asubuhi, adhabu ya kuzungushwa uwanja ifutwe, na mwalimu ajue kwamba anayesimama akilalamika miguu imekaza huenda hategi. Hayo hayahitaji maabara. Kipimo kifuate, kwa hiari, kwa vijana wanaoingia kambi za taifa, hasa wanaopelekwa miinuko mirefu, maana huko bandama ya mbebaji inaweza kudhurika. Majibu yakae kwa daktari na mzazi, yasiingie kwenye daftari la kocha.