Ukucha utakwambia

Mkokoteni umekupitia karibu mno sokoni, au mtoto wa jirani ameandika jina lake mlangoni kwa msumari. Kabla hujakimbilia kwa fundi, mpenzi msomaji, osha mahali hapo kwa maji na sabuni, pakaushe, kisha pitisha ukucha juu ya mkwaruzo.

Ukucha ukiteleza bila kukwama, shukuru. Iliyoumia ni vanishi ya juu tu. Tia kwenye kitambaa laini ile dawa ya kung'arishia ambayo mafundi huiita kampaundi, sugua polepole, kisha futa. Usiifanye kazi ya kila Jumamosi, maana rangi yote ya gari pamoja na vanishi yake haifiki robo ya milimita, na kila usuguapo unaipunguza. Na tafadhali, kile chuma cha kusugulia sufuria kibaki jikoni!

Ukucha ukikwama, tazama ndani. Ukiona kijivu au weupe usio wa gari lako, umefika kwenye praima. Ukiona bati likimetameta, au wekundu wa kutu, usingoje. Kutu haitulii ilipoanzia. Hutambaa chini ya rangi nzima, na utakapoona malengelenge, bati limekwisha kuliwa. Wenzetu wa Mombasa na Malindi, ambako upepo wa bahari hubeba chumvi, ndio wenye haraka zaidi.

Kwangua kutu yote kwa kipande kidogo cha msasa, pangusa kwa spiriti, kisha paka praima kwa kijiti cha meno. Naam, kijiti cha meno. Brashi nene itapaka hata pasipoumia. Ikikauka, tia rangi matabaka mawili matatu membamba, kila moja likauke kwanza, umalizie kwa vanishi. Fanya kazi hiyo kivulini, pasipo na vumbi.

Dukani usiombe "nyeupe" tu. Fungua boneti utafute kibati cha maelezo. Kwa Toyota nyingi zilizoundwa Japani, nambari ya rangi hufuata herufi C/TR: 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi. Mpe nambari hiyo mchanganyaji rangi. Rangi ya fedha ndiyo sumbufu, hata nambari ikilingana.

Fundi aghalabu atakushauri upake mlango mzima. Bati likiwa limebonyea na kukunjika, ana haki. Lakini kwa mkwaruzo wa urefu wa kidole, mlango huo utang'aa kuliko mwenziwe, na siku ya kuuza gari mnunuzi atauliza lilipata ajali gani, kisha apunguze bei.

Bampa nayo, kwa magari mengi ya siku hizi, ni ya plastiki, na plastiki haishiki kutu. Mkwaruzo wa hapo unaweza kungoja mshahara.