Kijani cha Chañaral kisikudanganye

Kuanzia mwaka 1938, migodi ya shaba ya kaskazini mwa Chile ilimwaga mabaki yake katika ghuba ya Chañaral. Zaidi ya tani milioni 100 za tope ziliijaza ghuba hiyo, ufukwe ukasogea mbele karibu kilomita moja. Hata hivyo wapo wanaosema mwani haukudhurika sana.

Wanasema miamba ilibaki na mwani tele. Ni kweli, ila ni mwani gani? Kilichotanda ni Ulva, ule wa kijani wenye utelezi, unaostahimili shaba kuliko wenzake wengi. Huiro mweusi, mwani mkubwa wa kahawia ambao wanyama wadogo kama konokono hujihifadhi kwenye vishikizo vyake vya mwambani, ulitoweka. Miamba ya kijani haithibitishi afya. Huenda inaonyesha tu nani amebaki.

Wengine hujibu kwamba mwani uliokomaa hauuawi na shaba kidogo. Hoja hii ina uzito, na ndiyo inayopotosha zaidi. Huiro hauzai huiro moja kwa moja. Huachia spora zisizofika sehemu ya mia ya milimita, kila moja ikiogelea kwa vijimkia viwili, uchi, bila ukuta wa seli. Ndani ya muda mfupi sharti ipate mwamba, inate, iote kijimrija, kisha iwe kimea cha kiume au cha kike kisichoonekana kwa macho. Yai na mbegu ya kiume vikikutana, ndipo huiro mpya huanza. Majaribio ya maabara yalionyesha kuwa shaba huivuruga safari hii kwa viwango vya chini kuliko vilivyopimwa kwenye maji ya pwani ile. Mzazi anaweza kusimama imara huku hana mrithi hata mmoja. Wa kupimwa ni mtoto, si mzazi!

Kwamba shaba ni kirutubisho? Ndiyo, kwa chembe chache. Ikizidi, ni sumu ileile inayopakwa chini ya meli ili mwani usiote.

Msomaji wa Zanzibar ataniuliza: mbona mwani wetu unastawi? Mwani wa kulima hupandwa kwa vipande vinavyofungwa kwenye kamba. Hatua ya spora inarukwa kabisa, hivyo shamba zuri halitoi ushahidi wowote kuhusu spora za mwani wa porini.

Mwisho, wanadai kwamba umwagaji ukikoma, yameisha. Wakazi wa Chañaral walishinda kesi ya kuupinga umwagaji huo, nao ukakoma mwaka 1990. Zaidi ya miaka 10 baadaye, miamba ya karibu ilikuwa bado haina huiro, huku tope lililobaki ufukweni likiendelea kuvujisha shaba. Kipimo cha mtoto kipo: California hupima maji machafu kwa spora za mwani mkubwa: huhesabu zilizoota na kupima urefu wa vijimrija baada ya saa 48. Anayetuambia maji yake ni salama alete majibu ya kipimo hicho, si picha ya mwamba wa kijani.